Pengo Lililopungua kwa Sababu Vijana Hawakuhama: Uchambuzi wa Kisa cha Ripoti ya Kipato na Mali za Kaya

Kuhusu kisa hiki

Nimekiandika kwa ajili ya wanaoanza kazi ya kuchambua takwimu za kaya, na kwa wahariri wanaopokea ripoti za aina hii zikiwa zimeshapambwa. Nchi, taasisi na watu nimewaficha. Namba za ripoti yenyewe nazo nimeziondoa, kwa kuwa mtu wa fani angezitambua mara moja. Panapohitaji hesabu nitatumia mfano mdogo wa kutunga, na nitasema kwamba ni wa kutunga. Namba za nchi zilizotajwa kwa jina ni za kweli. Nilikuwa mmoja wa watu wanne wa timu hiyo, kwa hiyo makosa yatakayosimuliwa hapa na mimi nina fungu langu.

Usuli

Timu ilipewa kazi ya kueleza mwenendo wa ukosefu wa usawa kati ya kaya kwa muda wa miaka kumi. Malighafi ilikuwa awamu mbili za utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, moja ya mwanzo wa muongo na nyingine ya mwisho. Hadidu za rejea zilidai kitu kimoja: kipimo cha Gini cha kila awamu, na sentensi moja ya kusema kimepanda au kimeshuka.

Kipimo hicho, kilichotolewa na mtakwimu wa Italia Corrado Gini mwaka 1912, huanzia 0, pale kaya zote zinapopata sawasawa, hadi 1, pale kaya moja inapochukua vyote. Wakubwa wanakipenda kwa sababu kinaingia kwenye sentensi moja. Mimi sikipendi kwa sababu hiyohiyo.

Mwenye kazi alikuwa na matarajio yake. Hakuyaficha. Tangu mwanauchumi Simon Kuznets atoe hoja yake mwaka 1955, kwamba ukosefu wa usawa hupanda uchumi unapoanza kukua kisha hushuka wenyewe, wengi wameisubiri hiyo sehemu ya kushuka kama watu wanaosubiri basi kituoni. Uchumi wa nchi ile ulikuwa umekua kwa miaka mingi mfululizo. Basi lilitarajiwa kufika.

Jambo la mwisho la usuli ni tofauti kati ya kipato na mali. Kipato ni kinachoingia katika kipindi fulani: mshahara, faida ya biashara, kodi ya pango, gawio la hisa. Mali ni kilichorundikana hadi leo, ukishatoa madeni. Mali siku zote imejikusanya mikononi mwa wachache kuliko kipato. Ripoti ya dunia kuhusu ukosefu wa usawa ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba asilimia 10 ya watu wazima walio juu duniani wanapata asilimia 52 ya kipato chote lakini wanamiliki asilimia 76 ya mali. Nusu ya chini inapata asilimia 8.5 ya kipato na kumiliki asilimia 2 tu ya mali. Na viwili hivyo si lazima viende pamoja. Uswidi ina kipato kilichogawanywa kwa usawa kuliko nchi nyingi, ilhali mali yake imejilundika sana juu. Hadidu zetu za rejea zilitaja “kipato na mali” kwenye kichwa cha habari, halafu mali haikutajwa tena mpaka ukurasa wa mwisho.

Mambo yalivyokwenda

Rasimu ya kwanza ilikamilika haraka. Gini ilikuwa imeshuka, tena kwa kiasi cha kuonekana. Tulirudia hesabu, tukabadilisha programu ya kompyuta, tukarudia tena. Jibu lilikuwa lilelile. Muhtasari wa kurasa mbili ukatumwa kwa mwenye kazi, na yeye akaufurahia kiasi cha kuanza kuandaa hotuba.

Wiki iliyofuata tulikuwa na kikao cha kawaida na wasimamizi wa kazi za uwandani. Ajenda ilikuwa malipo ya posho, wala si takwimu. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyesimamia awamu zote mbili, alipitia majedwali yetu kimya kisha akauliza, “Hawa wa juu mmewapata wapi?” Tukamwonyesha kundi la asilimia 1 la juu. Akacheka. “Wanangu, hawa si matajiri. Hawa ni walimu wakuu na mameneja wa matawi. Kwa matajiri hatukuingia.”

Akaeleza. Katika awamu ya kwanza wadadisi walikuwa wakigonga na kufunguliwa. Katika awamu ya pili, kwenye maeneo ya wenye uwezo, walikutana na geti, na getini mlinzi, na mlinzi ana jibu moja: mwenyewe amesafiri. Utaratibu uliruhusu kaya isiyopatikana ibadilishwe na jirani aliye tayari. Na jirani aliye nyumbani mchana, mwenye saa mbili za kujibu dodoso, kwa kawaida si mwenye kampuni. Aliye juu mngoje chini, wahenga walisema. Hapa tulimngoja, hakushuka, tukamhoji mpangaji wake.

Tulikwenda kwenye maboksi ya fomu za uwandani, ambazo hakuna aliyewahi kuziingiza kwenye kompyuta, tukahesabu kwa mkono. Mama yule alikuwa sahihi. Kaya zilizobadilishwa ziliongezeka sana kati ya awamu mbili, na zilijazana kwenye maeneo ya kipato cha juu.

Kwa nini hilo linatosha kugeuza mwelekeo? Chukua mfano wa kutunga wa kaya tano zenye kipato cha 2, 4, 6, 8 na 30. Gini yake ni 0.48. Ondoa kaya ya tano ambayo haikufungua geti, na Gini ya nne zilizobaki ni 0.25. Miaka kumi baadaye kaya zilezile zina 3, 5, 6, 8 na 40. Ukizihesabu zote, Gini imepanda hadi 0.50. Ukihesabu nne ulizofikia, imeshuka hadi 0.18. Hesabu zote nne ni sahihi. Kilichoamua mwelekeo ni nani alifunguliwa mlango.

Dalili ya pili ilitoka kwenye hesabu za taifa. Tulikuza majibu ya sampuli ili yawakilishe nchi nzima, kisha tukayalinganisha na jumla zilizoko kwenye vitabu vya serikali. Mishahara ilikaribiana vizuri. Gawio, riba na kodi za pango hazikukaribiana hata kidogo: dodoso lilikuwa limenasa sehemu ndogo tu. Hili ni jambo la kawaida katika tafiti za kaya mahali pengi. Mtu anajua mshahara wake kwa kichwa, lakini faida iliyobaki ndani ya kampuni yake haoni kuwa ni kipato, na dodoso lenyewe halimwulizi.

Dalili ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu hatukuitafuta. Mtakwimu mdogo kuliko wote katika timu aligundua kwamba kaya za kijana mmoja anayejitegemea zilikuwa zimepungua. Sote tulitarajia ziongezeke, maana vijana waliokuwa kwenye ajira walikuwa wengi kuliko zamani. Walikwenda wapi? Walikuwa hawajaondoka. Bei za nyumba na kodi za pango zilipanda kuliko mishahara ya mwanzo, kijana akabaki kwa wazazi akiwa na miaka ishirini na nane, ana kazi, ana kitanda kilekile cha sekondari.

Sasa angalia hesabu inavyomtendea. Ili kulinganisha kaya kubwa na ndogo tulitumia njia inayotumika sana: kugawa kipato cha kaya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wanakaya. Mfano wa kutunga tena: wazazi wawili wana kipato cha 9, kijana wao anapata 2. Akiishi peke yake, wazazi wanahesabiwa 6.36 kila mmoja, yeye 2. Akirudi nyumbani, kaya ina 11 kwa watu watatu, na wote wanahesabiwa 6.35. Kipato cha kijana kimepanda zaidi ya mara tatu kwenye karatasi, na wazazi hawajapoteza karibu chochote. Mshahara wake haukuguswa. Alichofanya ni kushindwa kulipa pango.

Kwa maneno mengine, kupanda kwa thamani ya nyumba, ambako kulitenganisha wenye mali na wasio nayo, kulikuwa kukishusha kipimo chetu cha kipato. Pengo moja lilikuwa linaziba jingine machoni petu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzuia ripoti. Haukuwa rahisi, kwa kuwa muhtasari ulishatoka. Mkuu wa timu alitaka tutoe ripoti na kuweka angalizo kwenye kiambatisho. Tulibishana siku mbili. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya kawaida kabisa: angalizo huwekwa pale ambapo shaka inagusa ukubwa wa jibu, na hapa ilikuwa inagusa mwelekeo wake.

Pili, tuliomba mamlaka ya kodi majedwali ya walipakodi kwa madaraja ya kipato, bila majina. Yalichukua miezi mitatu kufika. Juu ya kiwango fulani cha kipato tuliacha kuamini dodoso, tukatumia umbo la mgawanyo lililotoka kwenye kodi, na chini ya hapo tukabaki na dodoso. Hatukubuni njia hii. Brazili ilishatoa somo: tafiti za kaya za miaka ya 2000 zilionyesha ukosefu wa usawa ukishuka, na watafiti walipofungua takwimu za kodi za kuanzia mwaka 2006 wakakuta sehemu ya walio juu kabisa haikushuka kama tafiti zilivyodokeza. Nako Ujerumani, watafiti wa DIW, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Berlin, waliongeza sampuli maalumu ya wenye hisa kubwa katika kampuni, na matokeo yakatolewa mwaka 2020: makadirio ya sehemu ya mali inayomilikiwa na asilimia 1 ya juu yaliruka kutoka karibu asilimia 22 hadi karibu asilimia 35. Hakuna aliyetajirika kwa usiku mmoja. Walionekana tu.

Takwimu za kodi nazo zina kasoro zake, na tuliziandika. Kodi humhesabu mtu, si kaya. Walio chini ya kiwango cha kutozwa hawaonekani. Na mwenye mhasibu mzuri huonekana mdogo kuliko alivyo. Kwa hiyo makadirio yetu ya kipato cha walio juu yalikuwa ya chini kuliko ukweli, na tulisema hivyo waziwazi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kosa. Awamu ya kwanza haikuwa na maswali ya mali zaidi ya kuuliza kama nyumba ni ya kwako au ya kupanga. Tukajaribu kukadiria mali kwa kurudi nyuma kutoka kwenye kipato chake: chukua gawio na riba, gawa kwa kiwango cha faida, upate mtaji. Kwenye karatasi inavutia. Shida ni kiwango kipi. Mtu mwenye kipato cha mtaji cha milioni 1 ana mali ya milioni 20 ukitumia faida ya asilimia 5, na milioni 50 ukitumia asilimia 2. Matajiri na watu wa kawaida hawapati faida moja, kwa kuwa hawaweki fedha mahali pamoja. Huko Marekani wanauchumi wamevutana kwa miaka juu ya jambo hilihili, na kila kundi likibadilisha dhana ya faida linapata sehemu tofauti ya walio juu. Wao walikuwa na takwimu za kina za miongo. Sisi tulikuwa na jedwali lenye madaraja manane. Tulipoteza wiki sita kabla ya kukubali kwamba tulichokuwa tunapima ni dhana yetu wenyewe.

Badala yake tukafanya kitu cha unyenyekevu zaidi: kugawa kaya kuwa za wenye nyumba na za wapangaji, na kufuatilia hali ya kila kundi baada ya kulipia makazi. Hakikutoa Gini ya mali. Kilitoa kitu ambacho awamu zote mbili ziliweza kukijibu.

Mwisho, tulikataa kutoa namba moja. Ripoti ilitoa tatu kwa pamoja kwenye ukurasa wa kwanza: kipato cha kaya zilizofikiwa, kipato baada ya kuongeza takwimu za kodi, na tofauti kati ya wenye nyumba na wapangaji. Watu wazima wanaoishi kwa wazazi walihesabiwa mara mbili, kwanza wakiwa ndani ya kaya, kisha kana kwamba wanajitegemea, ili msomaji aone jibu linavyohama.

Matokeo

Ripoti ya mwisho ilisema mambo yasiyoingia kwenye hotuba. Kaya za nusu ya chini zilikuwa zimenufaika kweli, hasa kwa mishahara ya chini kupanda kuliko mfumuko wa bei. Ukiongeza walio juu, kushuka kote kulitoweka na Gini ikabaki palepale, ikielekea juu kidogo. Ukiwahesabu vijana kana kwamba wanajitegemea, sehemu ya kushuka kule kwa awali inaondoka hata kabla ya kugusa takwimu za kodi. Na kati ya mwenye nyumba na mpangaji, umbali ulikuwa umeongezeka kwa kipimo chochote tulichotumia.

Mwenye kazi aliipokea kwa baridi. Katika mkutano wa kuizindua ilisomwa sentensi ya nusu ya chini peke yake. Magazeti mawili yalichapa namba ya muhtasari wa kwanza, ile tuliyoifuta, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye barua pepe zao. Mpaka leo nikitafuta mtandaoni naikuta.

Uchambuzi

Kilichotuokoa hakikuwa hesabu. Hesabu zetu zilikuwa safi tangu siku ya kwanza, na usafi huo ndio uliotutia usingizi. Tulikagua kila kitu kilichokuwa ndani ya faili na hatukuuliza kilichobaki nje. Aliyeuliza ni mtu aliyewahi kusimama getini, na alipata nafasi ya kuuliza kwa bahati, kwenye kikao cha posho. Kama posho zingelipwa kwa wakati, nadhani ripoti ya kwanza ingetoka.

Ulinganisho na hesabu za taifa ulikuwa wa siku moja na nusu tu. Tungeufanya kabla ya kukokotoa Gini yoyote, kwa sababu unaonyesha moja kwa moja aina ya kipato kinachokosekana, na aina ya kipato inakuambia ni kaya gani zinakosekana. Tuliufanya baada ya kushtuliwa.

Kosa kubwa zaidi kuliko yote lilikuwa kutuma muhtasari. Namba ikishatoka haiitwi tena ikarudi. Niliunga mkono kuutuma, kwa hoja kwamba mwenye kazi anahitaji kuona maendeleo. Angeweza kuonyeshwa majedwali ya ubora wa sampuli. Yangemchosha, lakini yasingekwenda gazetini.

Kuna kosa jingine ambalo halikuonekana kwenye ripoti lakini lilitugawa ndani ya timu. Baada ya kugundua habari ya mageti, wawili wetu walianza kuzungumza kana kwamba kupanda kwa kaya za chini nako kulikuwa uongo. Si kweli. Kaya iliyotoka 2 kwenda 3 katika mfano wetu imepata nusu zaidi, na mtu aliyepata nusu zaidi analijua hilo hata kama jirani yake wa juu amepata kumi. Mwanauchumi Amartya Sen aliuliza mwaka 1979, usawa wa nini? Sisi tulihitaji kuongeza: na kati ya nani, na katika kipindi gani. Mtu anaweza kukaribiana na aliye juu yake kidogo huku akiachwa mbali na aliye juu kabisa, mwezi uleule.

Mgawanyo wa wenye nyumba na wapangaji ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia, na sababu yake inahusu mali zenyewe. Kaya za kati zimeweka karibu kila kitu kwenye nyumba, za juu zimeweka kwenye hisa na kampuni. Bei za nyumba zikipanda, kaya ya kati yenye nyumba inawasogelea matajiri na kumwacha mpangaji, kwa mpigo mmoja. Zikianguka, inaumia kuliko wote. Marekani kati ya 2007 na 2010, kwa mujibu wa utafiti wa benki kuu ya nchi hiyo kuhusu fedha za kaya, mali ya kaya ya katikati, yaani ile yenye nusu ya kaya juu yake na nusu chini yake, ilishuka kutoka dola 126,400 hadi 77,300, karibu asilimia 39, ilhali wastani wa kaya zote ulishuka kwa takriban asilimia 15. Anguko ni lilelile, ila waliobeba sehemu kubwa ni wale ambao nyumba ndiyo akiba yao. Gini moja ya mali ingeyaficha yote haya, kama ile ya kipato ilivyowaficha vijana.

Kasoro moja hatukuitatua. Hesabu yetu yote inadhania kwamba kinachoingia kwenye kaya kinagawanywa sawa kwa wote waliomo. Kijana yule wa 6.35, je, kweli anatumia 6.35? Na mke ambaye jina lake halipo kwenye hati ya nyumba tulimweka upande wa wenye nyumba. Dodoso lilimhoji mkuu wa kaya peke yake, na mkuu wa kaya ndiye aliyejibu kwa niaba yao.

Awamu inayofuata imebadilishwa kwa mambo matatu. Sampuli ya maeneo ya wenye uwezo imeongezwa, ili hata wakikataa wengi wabaki wa kutosha. Maswali ya mali yameingia, pamoja na jina lililo kwenye hati. Na fomu ya uwandani ina safu mpya, iliyopendekezwa na yule mama, ya kuandika kila mlango uliofungwa: saa ngapi, mara ya ngapi, na nani aliyejibu. Safari hii inaingizwa kwenye kompyuta.